Namna ya Kumweleza Mjamzito Mwenye Kisukari Jinsi Sukari Inavyogusa Usomwaji wa Jeni za Mtoto

Katika kliniki za wajawazito hapa Lamu, mama anapoambiwa kwamba ana kisukari cha ujauzito, mara nyingi si yeye anayejibu bali ni aliyefuatana naye. Asubuhi moja mavyaa wa dada mmoja, aliyeketi kando ya mkwewe huku buibui amelikunja magotini, alinitazama akasema, "Mwanangu, kwetu sisi hatuna sukari. Hii imetoka kwao." Yule dada aliinama akaanza kuvuta uzi uliochomoka kwenye pindo la leso yake, na hakuuliza kitu mpaka mavyaa alipotoka kwenda kununua maji. Hapo ndipo aliponiuliza kwa sauti ya chini, "Dada nesi, kwa hivyo mwanangu ameshaharibika damu?"

Mwongozo huu nimewaandikia wauguzi, wakunga na wahudumu wa afya wa jamii, ambao wanajua kupima na kuandika lakini hukwama wakifika kwenye swali hilo. Jibu lipo, na lina msingi wa kisayansi: sukari iliyopanda wakati wa ujauzito haibadilishi jeni ambazo mtoto amezirithi kwa baba na mama, bali inaweza kubadilisha namna baadhi ya jeni hizo zinavyosomwa ndani ya mwili wake. Kazi yako ni kulisema hilo kwa lugha ya nyumbani, bila kumtisha mama na bila kumtwika lawama mpya mahali pa ile uliyomwondolea.

Hakikisha namba kabla ya kufungua kinywa

Maelezo yote yatakuwa bure ikiwa kipimo chenyewe hakikuwa sahihi. Kipimo kinachotegemewa hufanywa kati ya wiki ya 24 na ya 28, kwa kuwa ndipo homoni za kondo la nyuma zinapoidhoofisha kwa wazi kazi ya insulini ya mama, homoni inayoshusha sukari ya damu. Mama hukaa bila kula kwa saa 8 hadi 14, hutolewa damu, hunywa gramu 75 za glukosi zilizoyeyushwa katika maji, kisha hukaa kitako na kutolewa damu tena baada ya saa moja na baada ya saa mbili. Kwa vigezo vilivyotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2013, namba moja tu ikifika kiwango inatosha, nacho ni milimoli 5.1 kwa lita kabla ya kunywa, 10.0 baada ya saa moja, au 8.5 baada ya saa mbili. Akikutwa na 7.0 au zaidi kabla ya kunywa, au 11.1 au zaidi baada ya saa mbili, hicho ni kisukari kamili kilichokutwa ndani ya ujauzito, na mama afikishwe kwa daktari bila kuchelewa.

Jambo linalosahaulika sana katika mji wa joto kama wetu ni kwamba chembe nyekundu za damu huendelea kula sukari hata zikiwa ndani ya chupa. Damu iliyoachwa tu hupoteza kiasi cha asilimia 5 hadi 7 ya sukari yake kila saa, na joto huharakisha upotevu huo, hivi kwamba mama aliyekuwa na 5.3 asubuhi anaweza kusomeka 5.0 saa moja baadaye akaambiwa yu salama. Katika kituo kimoja nilichopata kufanya kazi, trei ya chupa ilikuwa ikisubiri dirishani, juani, mpaka fundi wa maabara amalize foleni ya malaria, nami nilichukua muda mrefu kung'amua kwa nini wajawazito wetu walikuwa "wazima" kupita kiasi. Hata chupa zenye floraidi hazizuii upotevu huo mara moja. Ziwekwe kwenye barafu, na damu itenganishwe ndani ya nusu saa. Barafu Lamu haikosekani, maana wavuvi wanayo.

Ukiulizwa kwa nini 5.1 na si 5.5, sema kweli. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2008, uliohusisha wanawake wapatao 25,000 katika nchi tisa, ulionyesha kwamba hatari ya mtoto kuzaliwa mkubwa kupita kiasi hupanda polepole kadiri sukari ya mama inavyopanda, bila ngazi wala kizingiti. Kwa hivyo namba hizo ni mstari uliochorwa kwenye mteremko. Mama mwenye 5.1 hajavuka kwenda ng'ambo ya pili, wala mwenye 5.0 hajasalimika.

Anzia jikoni, na kifumbu

Kabla ya kugusa jeni, mama sharti aelewe njia ambayo sukari humfikia mtoto, na hapa sijapata mfano ulio bora kuliko kifumbu cha kuchujia tui. Mwambie kwamba kondo la nyuma ni kama kifumbu kilichowekwa kati ya damu yake na ya mtoto. Sukari hupita kama tui. Insulini yake, ambayo ndiyo ingeishughulikia sukari hiyo, hubaki upande wake kama machicha. Mtoto hupokea tui zito bila msaidizi, ikambidi kongosho lake dogo litengeneze insulini yake mwenyewe kwa wingi. Maelezo haya yalitolewa na daktari wa Denmark, Jørgen Pedersen, katikati ya karne iliyopita, na bado yanasimama.

Insulini hiyo ya mtoto, akiwa tumboni, humkuza na kumjaza mafuta mabegani na tumboni, ndiyo sababu ya uzazi mgumu. Kitovu kikikatwa, sukari ya mama hukoma ghafla ilhali insulini ya mtoto bado iko juu, na sukari yake inaweza kushuka kwa hatari katika saa za mwanzo. Mfundishe mama tangu sasa kwamba mtoto atawekwa ziwani ndani ya saa ya kwanza na kwamba atachomwa kisigino kupimwa, ili siku hiyo ikifika asidhani mtoto amezaliwa na kisukari.

Kisha nenda kwenye herufi na irabu

Watu wa Lamu wana bahati ambayo wengi hawana, kwa kuwa takriban kila mtu amepita chuo cha Kurani na anajua herufi isiyo na irabu ni kitu gani. Mimi hutoa kalamu na kuandika be mbili zilizoshikana kwa hati ya Kiarabu, bila alama yoyote, kisha humwuliza mama anisomee. Hucheka, akasema hapasomeki. Huweka fatha mbili, tukapata baba. Hufuta nikaweka kasra, tukapata bibi. Hufuta nikaweka dhumma, tukapata bubu. Herufi hazikuguswa. Kisha huweka sukuni juu ya herufi, na mama mwenyewe hunieleza kwamba herufi hiyo sasa imetulizwa.

Hapo ndipo pa kumwambia kwamba jeni ni herufi. Karibu kila chembe ya mwili ina takriban mita mbili za uzi wa DNA zilizokunjwa, zenye jeni zipatazo 20,000 zinazotoa maelekezo ya kutengeneza protini, na uzi huo ni uleule kwenye ini, kwenye jicho na kwenye kongosho. Kinachoitofautisha chembe ya ini na ya jicho ni zipi zinasomwa na zipi zimetulizwa, na kwa kiasi gani. Alama zinazoamua hivyo huwekwa juu ya uzi na kuondolewa, nazo ndizo ambazo wanasayansi huziita za epijenetiki, neno lililobuniwa na Mwingereza Conrad Waddington mwaka 1942, miaka 11 kabla ya umbo la DNA kufahamika. Neno hilo usimtajie mama. Halimsaidii, na litamfanya adhani kuna ugonjwa wa pili.

Wewe mhudumu, hata hivyo, yakupasa ujue alama hizo ni zipi. Ya kwanza ni methili, kikundi kidogo cha kaboni moja na hidrojeni tatu kinachobandikwa juu ya herufi C ya DNA, hasa pale inapofuatwa na G. Ikijaa mwanzoni mwa jeni, kwa kawaida jeni hiyo hutulia, na ndiyo maana nimeifananisha na sukuni. Ya pili huwekwa kwenye histoni, protini ambazo uzi wa DNA huzizunguka kama kamba kwenye kigingi. Vikundi vya asetili vikibandikwa hapo, uzi hulegea na jeni husomeka kwa urahisi. Asetili hizo hutokana kwa sehemu na kuvunjwavunjwa kwa glukosi, na hiyo ni mojawapo ya njia ambazo wingi wa sukari unaweza kufika moja kwa moja kwenye usomaji wa jeni. Ya tatu ni maikroRNA, vipande vifupi vinavyouzuia ujumbe wa jeni baada ya kusomwa, kabla haujageuzwa kuwa protini.

Mfano wa irabu una mwisho wake, na usipoujua mwisho huo utampotosha mtu. Irabu hugeuza neno kuwa neno jingine, ilhali alama za epijenetiki haziigeuzi jeni ya leptini kuwa ya insulini. Huongeza au hupunguza sauti yake. Tena methili zilizo katikati ya jeni, badala ya mwanzoni, hazitulizi kwa kanuni hiyo hiyo. Mama akiwa mwalimu wa sayansi, na nimewahi kumpata mmoja kutoka mtaa wa Mkomani aliyenihoji kwa nusu saa nzima, mweleze haya yote. Wengine waachie baba, bibi na bubu.

Yaliyoonekana maabarani, na kiasi cha kuyasema

Utafiti ulio rahisi kuusimulia hauhusu maabara bali ndugu. Huko Arizona, Marekani, jamii ya Pima ina kisukari kwa wingi, na mwaka 2000 watafiti waliwalinganisha ndugu wa tumbo moja, wale waliozaliwa kabla mama yao hajapata kisukari na wale waliozaliwa baada ya kukipata. Waliozaliwa baada ndio waliopata kisukari na unene zaidi walipokua. Ndugu hao walikuwa wa ukoo mmoja. Na ilipoangaliwa hali ambayo baba ndiye aliyepata kisukari, tofauti kama hiyo haikuonekana. Utafiti huu haukupima alama za epijenetiki, lakini unaonyesha kwamba mazingira ya tumboni huacha kitu kisichoelezeka kwa urithi wa jeni peke yake. Kwa mavyaa yule wa "imetoka kwao", huu ndio utafiti wa kumsimulia.

Maabarani, jeni iliyochunguzwa mapema ni ya leptini, homoni inayoujulisha ubongo kiasi cha akiba ya mafuta mwilini, ambayo katika ujauzito hutengenezwa pia na kondo la nyuma. Watafiti wa Québec, Kanada, walichapisha mwaka 2010 matokeo ya wanawake 48, wakaonyesha kwamba methili za jeni hiyo kwenye kondo zilifuatana na kiwango cha sukari cha mama, na kwamba penye methili nyingi zaidi usomwaji wa jeni ulikuwa mdogo zaidi. Lililonivutia mimi ni kwamba upande wa kondo unaomwelekea mtoto na upande unaomwelekea mama havikwenda njia moja. Ogani moja, jeni moja, pande mbili. Kwa hivyo mtu akikuambia kwa mkato kwamba "sukari huzima jeni" au "sukari huwasha jeni", mwulize ni jeni ipi, na kwenye tishu gani.

Mwaka 2013 watafiti wa Ujerumani walipima damu ya kitovu na kondo za watoto waliozaliwa na mama wenye kisukari cha ujauzito, wakaikuta jeni iitwayo MEST ikiwa na methili pungufu kidogo kuliko kwa watoto wa mama wengine. Jeni hiyo ni miongoni mwa chache ambazo nakala moja tu husomwa: nakala iliyotoka kwa mama hutiwa sukuni tangu mwanzo, na isomwayo ni ya baba. Sitaki uitumie habari hii kuwarudishia lawama akina mavyaa, ingawa nakiri kwamba kishawishi ninacho.

Zingatia ukubwa wa mambo haya. Tofauti zilizopimwa mara nyingi ni za asilimia chache tu, ni wastani wa makundi, na kondo au damu ya kitovu si ini wala kongosho la mtoto. Hakuna kipimo cha epijenetiki ambacho kliniki inapaswa kumfanyia mjamzito mwenye kisukari, na anayemuuzia mama kipimo hicho, au vidonge vya "kusafisha jeni", anamuibia.

Maneno ya kuepuka

Usiseme "umemharibu", wala "umemrithisha", wala "ungekula vizuri haya yasingetokea". Homoni za kondo huidhoofisha insulini ya kila mjamzito. Tofauti ni kwamba kongosho la mmoja huweza kuongeza juhudi na la mwingine hushindwa, na katika hilo umri, uzito, ukoo na ujauzito uliotangulia vyote vina sehemu. Nimewaona wahudumu wenye nia njema wakimwondolea mama lawama ya ukoo kisha, kwa sentensi inayofuata, wakamtwisha lawama ya sahani. Mama hatofautishi, yeye husikia kwamba kosa ni lake, na mara ijayo haji.

Usiseme pia kwamba alama hizo ni za milele, wala kwamba zitafutika zote. La kusema ni hili: matibabu yanasaidia. Katika jaribio la Australia lililochapishwa mwaka 2005, lenye wanawake 1,000, madhara makubwa kwa watoto wakati wa kuzaliwa yalikuwa asilimia 1 kwa waliotibiwa, dhidi ya asilimia 4 kwa waliopewa huduma ya kawaida tu. Namba hiyo mama anaielewa papo hapo.

Sahani, miguu na dawa

Kosa ninaloliona zaidi si mama kula mno bali kujinyima. Akishasikia neno sukari hushinda na chai ya rangi, akaona ameitii kliniki. Mweleze kisa cha njaa ya Uholanzi ya majira ya baridi ya 1944 na 1945, wakati vita vilipokata chakula: watu ambao mimba zao zilitungwa katika njaa hiyo walipimwa miongo sita baadaye, na jeni ya ukuaji iitwayo IGF2 ilikutwa ikiwa na methili chache kuliko za ndugu zao. Mtoto huandikiwa irabu na njaa pia.

Basi usimwondolee chakula, kipange upya. Mahamri manne na mbaazi kidogo yageuke hamri moja na bakuli la mbaazi. Nazi isimwagwe kwa wingi, na chai inywewe bila sukari. Wali upimwe kwa kikombe na usiliwe peke yake, bali pamoja na samaki, mchicha au kunde. Maji ya embe na ya ukwaju yaliyotiwa sukari ndiyo yanayopandisha haraka kuliko vyote, na halwa ya Maulidi ionjwe kwa kidole. Baada ya kula atembee: kutoka mtaa wa Langoni hadi Mkomani kwa usita wa mui, njia kuu ya mji, na kurudi kunamtosha, na hakuna gari la kumsumbua. Ramadhani ikimkuta, asifunge bila kushauriana na daktari wake. Dini imemruhusu mjamzito kula akichelea nafsi yake au mtoto, na neno hilo litapokelewa vizuri zaidi likitoka kwa shehe kuliko kwako.

Malengo yake akipima kwa mashine ya kidole ni chini ya 5.3 kabla ya kula, chini ya 7.8 saa moja baada ya kula, au chini ya 6.7 baada ya saa mbili. Yasipofikiwa kwa chakula na mwendo, daktari ataongeza insulini ya sindano au vidonge vya metformini, na hapa kifumbu kinarudi: insulini haivuki kwenda kwa mtoto, metformini huvuka. Wengi huiogopa sindano kuliko kidonge, kumbe ni sindano isiyomfikia mtoto.

Vidonge vya madini ya chuma na foliki anavyopewa kliniki, miligramu 60 za chuma na mikrogramu 400 za foliki, aendelee navyo kila siku. Ni kweli kwamba foliki na vitamini B12 ni sehemu ya njia ambayo mwili hutengenezea methili, lakini asiviongeze mwenyewe kwa kudhani anarekebisha jeni; anavimeza kwa ajili ya damu yake.

Arubaini na maji ya bahari

Baada ya kuzaa, sukari ya wengi hurudi chini upesi, na hapo ndipo tunapowapoteza. Mwanamke aliyewahi kupata kisukari cha ujauzito ana uwezekano wa mara 7 hadi 10 wa kupata kisukari cha aina ya pili baadaye, akilinganishwa na asiyekipata. Kunyonyesha humpunguzia hatari hiyo, na humfaa mtoto. Kipimo cha glukosi gramu 75 kirudiwe kati ya wiki ya 6 na ya 12, kisha sukari ipimwe kila mwaka hadi kila miaka mitatu maisha yake yote, na kabla ya kila mimba mpya.

Wiki sita huangukia pale pale mzazi anapotoka arubaini, kwa hivyo usimwandikie "wiki ya sita". Mwambie "ukitoka arubaini", na umwambie mbele ya mavyaa, kwa sababu ndiye atakayeihesabu. Kama mama anatoka Faza, Siyu au Kizingitini, kule kisiwani Pate, mwulize kwanza habari za maji, kwa kuwa mashua hupita mlango wa bahari wa Mkanda maji yakiwa yamejaa, na mama anayepaswa kufika na njaa ya tangu usiku hawezi kusubiri mpaka adhuhuri bahari ijae. Chagua naye siku ambayo maji yanajaa alfajiri, uiandike kwenye kijitabu cha mama na mtoto kabla hajainuka kwenye benchi, na kando yake uandike: aje bila kula, na achukue chakula cha kula akimaliza.